Mlima Ambao Mwalimu Hakuutaja

Mwalimu hakupenda mtu aitikie "Amina" kabla sala haijaisha. Ukiwahi, alinyamaza, akakutazama juu ya miwani yake, halafu akaanza upya kutoka ishara ya msalaba, na kigango kizima kikakununia wewe. Walioponzwa zaidi ni wachimbaji wa dhahabu, maana walikuja kanisani na usingizi machoni, wakawa wanaitikia kila walipozinduka. Siku moja kijana mmoja aliitikia katikati ya Baba Yetu, tukairudia na kuirudia, mpaka mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akatoka nje akisema Mungu ameshasikia, asiyesikia ni Mwalimu.

Tulimwita Mwalimu tu. Huku kwetu katekista huitwa hivyo, hata kama hajawahi kushika chaki. Padre alikuja mara moja kwa mwezi, barabara ikikubali. Jumapili nyingine zote zilikuwa za Mwalimu: yeye aligonga lile rimu la lori lililokuwa kengele yetu, yeye alisoma injili, yeye alizika, yeye alijua nani anaishi na nani bila ndoa. Sitaandika alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Mambo hayo yalisomwa siku alipostaafu, yakapigiwa vigelegele, nami nilipiga. Naandika niliyoyaona kwa macho yangu, maana mtu huyu nilimpenda kuliko nilivyowapenda baba zangu wadogo, na alichoifanyia nyumba yetu sijakimeza mpaka leo.

Alikuwa mrefu, mkavu, shati limefungwa hadi kifungo cha juu hata mwezi wa kumi, jua linapopasua midomo. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni. Alisema "enyi ndugu wapendwa" hata alipokuwa anawafukuza mbuzi kwenye ua wa kanisa. Akikasirika kweli, Kiswahili kilimkimbia na Kisukuma kikaingia kwa kishindo, na sisi wa kwaya tukawa tunasubiri kwa hamu siku hizo. "Lekagi!" alipiga kelele, acheni, halafu akajirudi, akafuta mdomo kwa leso, akaendelea na "enyi ndugu wapendwa" kama si yeye.

Yeye ndiye aliyegundua sauti yangu. Nilikuwa msichana wa kuchota maji na kutukanana kisimani, akanisikia naimba, akaja nyumbani kumwambia mama kwamba mtoto huyu asipoimba sauti ya pili itakuwa dhambi ya wazazi. Alinifundisha do-re-mi kwa kugonga meza kwa bua la mhindi. Nilipomaliza darasa la saba na kukosa nafasi, alinipeleka kwa baiskeli hadi kwa masista wa mjini wanifundishe cherehani. Leo nina chumba changu cha ushonaji Katoro, nashona sare za kwaya na za shule, na kila ninapopiga pasi kola ya joho namkumbuka, nipende nisipende.

Alikuwa na vituko vyake. Hirizi alizichukia mno. Alizikata viunoni mwa watoto kwa wembe, mwenyewe, mbele ya mama zao, na kuzitupa chooni. Lakini ngoma za wacheza nyoka zilipolia kijiji cha pili, alisimamisha baiskeli njiani akijifanya anaangalia mnyororo, na mguu wake ukawa unapiga pedali kwa mdundo uleule. Niliwahi kumfuma. Akaniambia mnyororo umelegea. Mnyororo haukuwa umelegea hata kidogo.

Kituko kingine hatukukipa maana wakati ule. Kijiji chetu kiko chini ya mlima uitwao Igumbalo, na njia fupi ya kwenda kigango cha upande wa pili inapita begani mwa mlima huo. Wote tulipita huko, wazee, wajawazito, wenye mizigo ya mkaa. Mwalimu alizunguka. Alisukuma baiskeli yake kwenye mchanga wa bondeni, akafika amelowa jasho, na akiulizwa alisema magoti. Wala jina la mlima hukumsikia akilitamka. Alisema "kule juu," akielekeza kwa kidevu. Watoto walimwigiza: kidevu mbele, macho makali, "kule juu." Tulicheka tukamaliza.

Kule juu ndiko kulikokuwa na dhahabu. Nilipokuwa mdogo ulikuwa mlima wa kuni na nyani. Kisha mtu akaokota jiwe linalong'aa, watu wakamiminika kutoka kila mkoa, maduara yakachimbwa kila mahali, mashimo ya kwenda chini yaliyoshikiliwa na magogo yanayoitwa matimba. Makarasha ya kusagia mawe yakanguruma mchana kutwa. Kanisa letu likajaa. Benchi tulizokalia zilitoka kwa wachimbaji, mabati pia, na Mwalimu aliwapenda wale vijana, tena kwa dhati. Aliwabarikia sururu zao. Aliwaandikia barua za kwenda kwa wazazi wao waliowatoroka. Na kila msimu wa mvua aliwazika, kwa sababu udongo ukinywa maji matimba huachia, na duara linatitia na waliomo.

Kaka yangu Masanja alikuwa mmoja wa walioshuka humo. Alikuwa mkubwa wetu, ndiyo maana mama aliitwa Mama Masanja. Kilimo cha pamba kilimchosha, alisema. Alipenda utani, na alipotoka shimoni uso umejaa vumbi jeupe alikuja hivyohivyo jikoni kumtisha mama kwamba yeye ni marehemu amefuata ugali.

Mama aliona alichokiona siku alipopanda kuokota kuni. Nasimulia kama alivyosimulia yeye, bila kuongeza. Aliinama kufunga mzigo, aliponyanyua kichwa mwanamke alikuwa amesimama juu ya jabali, kitenge cha buluu, miguu mitupu, na sisimizi walikuwa wanampita pembeni bila kumpanda. Akamsalimu kwa Kisukuma. Akamwambia mlima huu umezoea kula watoto, na yeye amechoka kuwapokea. Akaomba mambo matatu. Msimamishe msalaba juu ya jabali. Mpande wote siku moja, wakulima na wachimbaji. Halafu mnipe mlima, mnipe kwa jina lake, mlitaje kama mnavyolitaja kila siku. Mkifanya hivyo, sitauacha ule watoto wenu tena.

Mama hakuwa mtu wa maono. Alikuwa mtu wa kubishana bei ya dagaa. Aliacha kuni palepale, akaenda moja kwa moja kwa Mwalimu kumwambia amemwona Bikira Maria, nami nilikuwepo nafagia kanisa. Mwalimu alimsikiliza amesimama. Mama alipofika kwenye lile ombi la tatu, alikaa. Nilidhani ni utukufu umemwangukia. Akamwambia mama, kwa heshima ya Kisukuma, "Mayu, jambo hili nitalibeba mimi." Nililia kwa furaha. Kati ya watu wote, nilijua halitapotea mikononi mwa yule.

Na kweli alilibeba. Alimwendea paroko, akarudi na ruhusa. Paroko alisema Kanisa halijathibitisha maono yoyote, kwa hiyo yeye atabariki msalaba tu, na sala ya kuutoa mlima aisome katekista kama sala ya waamini. Mwalimu alizunguka kila jumuiya, akaenda kwenye maduara, akawabembeleza wenye makarasha wazime mashine siku hiyo. Wakazima! Kama hujui huku kwetu huwezi kuelewa ukimya ule. Watu walipanda kwa nyimbo, Waislamu wachache nao walikuja kwa sababu nao walikuwa na watoto shimoni. Mwalimu alipanda pia, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, amemshika Masanja bega, uso umesawijika. Tukasema ni magoti.

Paroko akabariki msalaba. Mwalimu akasoma sala. Alisoma vizuri, sauti yake ile, na alipofika mahali penyewe akasema, "Ee Mama, tunakutolea mlima huu na nchi yetu yote." Tukasubiri. Akafunga sala. "Amina," tukaitikia, na kwa mara ya kwanza tuliitikia tukiwa tumechelewa.

Niliona mama amemgeukia paroko, halafu Mwalimu, halafu akatazama chini. Wenzangu walishaanza wimbo wa Maria. Niliimba.

Ugomvi ulianza hata kabla hatujashuka. Ukaendelea kwenye harusi, kwa vinyozi, kwenye foleni ya kisima. Wakagawanyika watu wa "Inatosha" na watu wa "Jina". Watu wa Inatosha walisema kwani Bikira Maria haujui mlima aliosimama juu yake mwenyewe? Tulikuwa tumeukanyaga, tumesema mlima huu, anataka nini zaidi, ramani? Watu wa Jina walisema alichoomba ni kimoja na tulichompa ni kingine. Mama ndiye aliyewajibu vizuri kuliko wote, siku moja akipepeta mpunga. "Mkipeleka ng'ombe wa mahari mnasemaje? Mnasema tunawapa mnyama huyu na wanyama wetu wote? Wazee wa upande ule si watasimama waondoke? Kila ng'ombe anatolewa nje ya zizi, anatajwa rangi yake, anatajwa jina lake, wanamwona, wanasema tumempokea. Sasa mimi mkwe wangu nimempelekea maneno."

Lakini wachimbaji walikuwa watu wa Inatosha, karibu wote, na si kwa ubaya. Walitaka kuamini. Miaka yote mvua ikinyesha walikuwa wakikaa juu, wakicheza bao, mpaka udongo ukauke. Msimu ule hawakukaa. Mama alimshika Masanja shati mlangoni, mvua imekatika asubuhi ileile. Masanja akacheka, akamtoa mikono taratibu. "Mama, si mmeshautoa mlima? Unaogopa nini tena?"

Walimtoa siku ya pili, yeye na wenzake. Mwalimu alimzika. Alisoma masomo kwa sauti isiyotetereka, na mama hakuitikia hata mara moja.

Baada ya mazishi watu wote wakataka kujua: ni Bikira aliyevunja ahadi, au ni sisi? Au Mama Masanja aliota tu kwa jua kali? Mwalimu alisimama Jumapili, akatoa jibu. Akasema jina la mlima halikutajwa kwa sababu paroko alikataza. Akasema Kanisa haliwezi kuweka jina la mlima katika sala kwa ajili ya maono yasiyothibitishwa, na sisi kazi yetu ni utii. Paroko yule alikuwa ameshahamishwa. Hakuna aliyekuwa na njia ya kumuuliza, na ni nani angemuuliza, wakati aliyesema ni Mwalimu?

Mimi nilimwamini. Mama naye alimwamini. Ila yeye hakunyamaza. Alisema basi Padre amekosea, na sala irudiwe. Alisema hivyo kwenye jumuiya, kwenye rozari, kwa wageni. Ndipo Mwalimu akaja nyumbani, akakaa kwenye kiti cha Masanja, akazungumza kwa upole wake wote. "Mayu, unawagawa watu. Unamsema vibaya padre. Hebu pumzika kuongoza rozari, mpaka moyo utulie." Mama aliyekuwa ameongoza rozari tangu kanisa likiwa la nyasi! Akapumzika. Watu wakaanza kumwita Mama wa Maono, kwa ile sauti ya dhihaka. Wake za waliokufa walipokutana naye njiani walihama upande. Akawa hatoki, macho yakaanza kumwishia, na kila Jumamosi hakula mpaka jua litue, akingoja irudiwe. Mwalimu alikuwa anamletea komunyo kitandani. Miaka yote. Alimletea komunyo, akamwekea mdomoni kwa mkono uleule uliomzika Masanja.

Mwaka huu, kabla ya Pasaka, nilipeleka sare za kwaya Mhunze. Walioniagiza ni watu wa parokia moja ya huko, na aliyetoka kuzipokea alikuwa paroko wetu wa zamani, ameota mvi. Alinifahamu kwa sauti. Akaagiza chai, akauliza habari za Mwalimu, akauliza habari za mama. Nikamweleza mama alivyo. Na kwa kuwa nilikuwa na uchungu, nikamwambia, "Padre, ungeruhusu tu lile jina litajwe. Lingekupunguzia nini?"

Akaweka kikombe chini. "Nani alikataza?"

"Wewe, Padre."

"Mimi? Kabula, mimi nilimwambia alitaje! Kutaja mlima si kuthibitisha maono. Tunabariki mashamba ya watu kwa majina yao, tunabariki hata pikipiki. Nilimwambia, Mwalimu, mama huyu ameomba jina, mpe jina. Akasema sawa, Padre. Alipoliruka nilidhani ni pumzi imemwishia, mzee kapanda mlima. Kwani yeye aliwaambia nini?"

Nilihesabu sare pamoja na mama wa kwaya, nikakosea, nikaanza upya, nikakosea tena. Ndani ya basi mpaka Shinyanga, na kutoka Shinyanga mpaka nyumbani, nilikuwa naona mkono tu, ule mkono na komunyo.

Mwalimu sasa anakaa Katoro kwa binti yake, nyuma ya maduka ya vipuri. Nilimkuta uani kwenye kiti cha plastiki, redio sikioni, shati limefungwa hadi juu. Alifurahi kuniona. Aliita soda. Nikamwambia sitaki soda.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umesimama?"

"Nimetoka Mhunze. Nimeonana na Padre."

Akazima redio. Hakuuliza padre yupi. Pikipiki zilikuwa zinapita barabarani, na aliposema hakutumia Kiswahili cha kitabuni.

"Babu yangu ndiye aliyekuwa anausemesha mlima ule," alisema. "Mvua ikikawia, alipanda na mbuzi mweusi, akauita kwa jina, akautolea watu wake. Kamba ya mbuzi nilishika mimi. Nilipotaka ubatizo, padre mzee wa enzi hizo alijua habari za babu. Hakuniuliza kama namkataa shetani, kama alivyowauliza wengine. Aliniuliza, na kule juu, utakutaja tena katika sala yako? Nikaapa hapana. Nimeapa nikiwa na maji kichwani, Kabula. Halafu mama yako anakuja, ananiambia nipande na watu, niuite kwa jina, niutolee watu. Ni maneno yaleyale ya babu! Yaleyale."

"Yalikuwa ya Bikira."

"Ulijuaje?" Macho yake yalikuwa mekundu. "Mimi sikujua. Nilifikiri ni mlima wenyewe umemtokea, umejitia kitenge, unataka kuitwa tena. Nikasema nitampa msalaba, nitampa watu, jina sitampa. Kama ni Mama wa Mungu, ataelewa. Kama si yeye, atakuwa hajapata kitu."

Niliwaza kwamba hilo ni jambo kubwa, na kwamba kama angelisema wakati ule, mbele ya watu, pengine hata mama angemwelewa. Hasira haikupungua. Iliongezeka.

"Ungemwambia Padre asome yeye."

"Ningempa sababu gani? Kwamba katekista wake ni mjukuu wa mtambikaji? Hata watoto wangu hawajui."

"Ukaona bora aonekane mama ni mkaidi. Wachimbaji walishuka kwa neno lako, Mwalimu. Masanja alishuka kwa neno lako. Ulijua umetoa nusu, ukawaacha washuke."

Akaniambia anajua. Akasema hakuna Jumamosi ya mfungo wa mama aliyolala. Nilimwambia sikuja kusikia usingizi wake. Nilitaka kitu kimoja: aende kwa mama, leo, aseme kwa mdomo wake. Alitafuta kofia. Tulipanda bodaboda moja, mimi nyuma yake, na njiani akaniambia, "Nitasema mwenyewe. Usinitangulie."

Mama alikuwa amejilaza kitandani, mlango wazi ili apate upepo. Uani jirani yetu alikuwa anapukuchua mahindi. Mwalimu aliinama kuingia, akavuta kigoda.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, Mwalimu. Mhola?"

"Mhola duhu." Salamu za Kisukuma zikaisha. "Mayu, nimekuja kwa habari ya kule juu. Siku ile ya msalaba. Mdomoni sikulitaja jina, lakini moyoni nililitaja. Nilisema Igumbalo, moyoni. Mama wa Mungu husikia ya moyoni. Kwa hiyo yalitimia yote. Usijitese tena, mayu. Kula. Pumzika."

Nilikuwa nimesimama na kikombe cha maji yake. Saa chache nyuma alikuwa ameniambia wazi kwamba aliamua kutolitoa jina hilo. Nilifungua mdomo, lakini mama alikuwa ameshaanza kujiinua, anapapasa ukingo wa kitanda.

"Yalitimia?"

"Yalitimia, mayu."

"Yote aliyoomba?"

"Yote."

Mama alikaa, miguu imegusa chini, uso wake umeelekea ilipotoka sauti. Sikuona faraja yoyote usoni pake.

"Basi Masanja alikufa kwa nini?"

Ndipo nilipoelewa alichokuwa amekishikilia mama miaka yote ile ya kutengwa na kufunga. Aliwakasirikia watu, akamkasirikia paroko, akatukasirikia sisi tulioimba, lakini yule mwanamke wa juu ya jabali hakuwahi kumkasirikia, kwa sababu hakuwa amepewa alichoomba. Mwalimu alikuja na huruma yake ya uongo, akataka kumnyang'anya hata huyo.

Mwalimu alivua miwani. Akaivaa. Akanitazama mimi, nami sikumsaidia.

"Sikulitaja, mayu," akasema.

"Sema."

"Sikulitaja. Si mdomoni, si moyoni. Nimekudanganya sasa hivi. Na padre hakukataza, aliniambia nilitaje. Ni mimi."

"Rudia. Masikio yangu yamekuwa mazito."

Masikio ya mama hayana shida yoyote. Mwalimu akarudia, kwa sauti ile ya kanisani, neno kwa neno, na uani mahindi yakaacha kudondoka kwenye beseni.

"Wabeja," mama akasema. Asante. Hakuwa anamwambia yeye. Uso wake ulielekea juu kidogo ya kichwa cha Mwalimu, ukutani ilipo sanamu ya Bikira. Kisha akajilaza, akavuta kitenge hadi mabegani, na akaanza kupumua kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Nilimsindikiza Mwalimu hadi kwenye pikipiki. Nilipomshika kiwiko nilikuta mkono umekuwa mwepesi sana. Alisimama, akaniangalia, na ndani ya macho yale niliona mwanga ambao sikuutegemea.

"Umesikia, Kabula? Amenishukuru. Amenisamehe."

"Mwalimu," nikamwambia, "hukumwomba."

Aligeuka kuutazama mlango. Ulikuwa bado wazi. Akavaa kofia yake, akapanda pikipiki.